Bunduki ya Babu Dukani kwa Karim

Juzi nilimwona fundi akigonga bomba kwa ukucha na kusikiliza, nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni mwangu mjini Bukoba. Babu alikuwa akiuza bunduki yake ya mitutu miwili ili Bibi apasuliwe macho. Duka la mzee Karim lilinuka mafuta na kahawa. Babu alitaja bei yake. Karim aliifungua bunduki, akaining'iniza mitutu kwa kamba, akaigonga kwa ukucha. Ililia kama kengele, muda mrefu.

“Mzee, umetaja bei ya maiti,” alisema Karim. “Hii ni nzima. Nakupa mara mbili.”

“Waitu, ndugu yangu, usinitanie!” alisema Babu.

Leo najua alikuwa akipima kama mitutu imeachana pale ilipounganishwa, maana iliyoachana hailii hivyo. Siku ile nilidhani ameiuliza bunduki kama inakubali kubaki kwake, nayo, kwa ajili ya macho ya Bibi, ikaitika.