Hatua Arobaini Mbele

Sheria ya mashamba ya Uingereza ni kwamba anayepita mwisho ndiye anayefunga geti. Binti yangu alinieleza hivyo asubuhi ya kwanza, tukiwa bado jikoni kwake, huku akinijaribisha mabuti ya mpira ya mumewe. Njia za miguu za huko zinakatiza katikati ya mashamba ya watu. Mtu yeyote anaruhusiwa kupita, mradi asitoke kwenye njia na asiache geti wazi kondoo wakazagaa.

"Bila kupiga hodi?" nilimwuliza.

"Bila hodi, Baba."

"Na mbwa?"

"Hakuna mbwa. Vaa soksi mbili, mabuti yatakupwaya."

Ilikuwa Oktoba ya mwaka jana. Nilikuwa nimetoka Toronto, kwenye ghorofa letu la Dixon Road, kwenda kukaa naye siku kumi. Yeye alidhani nimekuja kupumzika. Mimi nilikuwa nimekuja kumwambia jambo nililolificha miaka kumi na mmoja, na tangu ndege ilipotua nilikuwa sikai kitini dakika tano. Naosha kikombe kisafi. Nafungua pazia, nalifunga. Asubuhi hiyo ya kwanza binti yangu akasema heri tuwe tunatoka kutembea, labda miguu yangu itachoka nimpe nafasi ya kunywa chai yake kwa amani.

Binti yangu alikulia Toronto. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Maneno yake nayaandika hapa kwa lugha yangu, kwa kuwa ndivyo yanavyonijia ninapoyakumbuka.

Basi tukawa tunatembea kila siku baada ya chakula cha mchana. Majani ya Toronto msimu huo huwaka mekundu mpaka watu wanatoka na kamera. Ya kule yalikuwa ya kahawia, na manjano ya chai iliyopoa, yakidondoka kimyakimya juu ya michongoma. Mashamba yalikwisha kuvunwa na mengine yamelimwa upya, udongo mzito unaong'ang'ania buti hadi unahisi umevaa tofali. Kulikuwa na ndege fulani, wanene kama kanga na wenye mikia mirefu, wanaoruka ghafla miguuni mwako wakipiga kelele. Kila wakiruka moyo wangu ulisimama, nikijua sasa mwenye shamba ametoka.

Hakutoka mtu. Lakini sikuweza kuzoea. Nilikwenda mbio, kichwa chini, kama aliyetumwa. Geti la kwanza napita, naliacha. La pili napita, naliacha. Mwanangu nyuma anafunga, chuma kinalia, kisha nasikia buti zake zikiharakisha kunifuata.

"Baba, unakimbilia wapi? Huku hakuna basi!"

Alisema kwa utani. Hakujua amegusa wapi.

Mimi ni mtu wa kutangulia. Baba yangu alitembea hivyo, mama yangu nyuma na mzigo, na sikuwahi kuona ajabu. Nilipooa nikafanya vilevile, na tulipohamia Kanada sikubadilika. Mke wangu alikuwa na msemo wake, aliutoa sokoni, kanisani, kwenye maegesho ya magari: "Wewe bwana, ningoje!" Nami nilikuwa na jibu langu. Napandisha mkono bila kugeuka, napunga mara moja kuelekea mbele, maana yake, njoo basi. Watoto walikuwa wakituigiza sebuleni tukacheka wote.

Majira fulani ya baridi tulikuwa tukipanda basi moja asubuhi, mimi nikienda kwenye ghala la mizigo kule Malton, yeye kwenye hoteli alikokuwa akifanya usafi wa vyumba. Siku za barafu binti yetu alimpeleka mama yake kwa gari kabla ya kwenda chuoni. Usiku mmoja walikorofishana. Mwanangu alitaka kuhama nyumbani, mama yake hakutaka. Asubuhi mama alipogonga, sauti ilitoka chini ya blanketi: "Panda basi!"

Kwa hiyo tukatoka kwa miguu, mimi na mke wangu. Usiku kucha ilinyesha mvua ikaganda, njia ya watembeao ilikuwa kioo. Nilikuwa nimechelewa mara mbili wiki ile, na msimamizi alikuwa ameshaniangalia vibaya. Nilitangulia. Nikaliona basi linakuja. Nyuma yangu nikasikia, "Wewe bwana, ningoje!" Nikapandisha mkono, nikapunga, nikapanda. Sikugeuka hata kwenye dirisha.

Alikuwa chini. Alikuwa ameteleza na kuanguka, nyonga imevunjika. Mtu aliyekuwa akikwangua barafu kwenye gari lake ndiye aliyemkuta.

Hospitalini binti yangu alifika kabla yangu. Nilipoingia, nimeshika kofia, nilimsikia akilia na kuuliza, "Baba alikuwa wapi?" Mke wangu akanitazama juu ya bega lake. "Baba yako alipanda basi la mapema," akasema. "Nilikuwa peke yangu."

Nilikuwa na nafasi ya kusema palepale. Nilisema, "Pole, mama," nikimwambia mwanangu.

Mke wangu hakufa kwa nyonga. Aliishi miaka minane zaidi, akitembea na fimbo, akafa kwa moyo. Jambo lile hakulirudia ila mara moja. Tulikuwa dukani, mimi niko mbele kama kawaida, akasema, "Tangulia tu, wewe umezoea." Akacheka kidogo. Mwanangu hakucheka kamwe kuhusu siku ile. Alihama, akaolewa Uingereza, na katika kila simu, mazungumzo yakirefuka, alirudi palepale: kama ningeamka, kama nisingesema vile. Nami niliitikia, "Usijilaumu, mama." Hilo ndilo nililomfanyia mwanangu. Nilimwacha abebe mzigo usio wake, kisha nikajifanya mtu wa kumpa pole.

Siku ya kwanza ya matembezi nilisema nitamwambia leo. Siku ya pili vilevile. Kwenye njia zile nyembamba mtu hutembea nyuma ya mwenzake, na mimi ndiye niliyekuwa mbele. Ni vigumu kusema jambo la namna hiyo ukiwa unaliambia shamba tupu. Hicho kilikuwa kisingizio, na kizuri, kilinitosha siku sita.

Siku ya saba alinipitisha njia mpya, inayoshuka kwenye bonde lenye kijito. Kulikuwa na umande wa mchana ambao haukauki, na harufu ya majani yanayooza. Nilikuwa mbele sana. Nikafika kwenye geti la aina ambayo sikuwa nimeiona. Limewekwa ndani ya kizimba cha mbao, chembamba, cha kumtosha mtu mmoja. Unaingia, unajibana kwenye kona, unalirudisha geti kule ulikotoka ndipo upate nafasi ya kutokea upande wa pili. Kondoo hawezi. Lakini pia huwezi kulipita bila kugeuka nyuma.

Niligeuka. Mwanangu alikuwa anavuka shamba peke yake, kitambaa kichwani, mikono ameitanua kidogo kwa ajili ya utelezi. Alikuwa mbali. Nilikuwa nimemwacha mbali kuliko nilivyodhani. Akija hivyo, akiangalia anapokanyaga, alikuwa mama yake kabisa.

Nilibaki kizimbani. Akafika akihema, geti likiwa kati yetu.

"Ah! Leo umenisubiri," alisema. "Unajua wenyewe wanaliita geti la busu? Aliyetangulia hamfungulii mwenzake mpaka abusiwe."

"Mambo gani hayo kati ya baba na mwana!"

"Ushuru ni ushuru, Baba." Akainama juu ya geti akanibusu shavuni. Pua yake ilikuwa ya baridi. Kisha akageuza macho kwenye bonde, akasema kwa sauti ileile ya kawaida, "Mama angepapenda hapa. Ningeamka siku ile, angekuja kwa miguu yake."

Nilisema, "Hakuwa peke yake."

"Nani?"

"Mama yako. Sikupanda basi la mapema. Tulitoka pamoja. Mimi nilikuwa mbele, nikapanda basi, nikamwacha chini."

Kijito kilikuwa kikisikika. Nilitaka sana kutembea, miguu ilikuwa inaniwasha ndani ya yale mabuti, lakini kizimbani hapana pa kwenda.

"Fungua, Baba," alisema.

Nilijibana kwenye kona, akapita bila kunigusa, akatangulia. Yalikuwa yamebaki mageti matatu hadi kijijini. Yote nilifunga mimi. Hakugeuka hata mara moja. Kwenye la mwisho, pale njia inapoingia barabarani, alikuwa amesimama ananipa mgongo. Alingoja mpaka komeo lilipolia, kisha akaendelea.

Nyumbani alichemsha chai, akaniwekea yangu, hakuketi.

"Alikuita?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili halina barafu wala basi la kulisingizia. "Sikusikia vizuri," nilisema. "Unajua pale kwetu, ndege zikienda kutua zinapita chini, kelele tupu."

Aliitikia kwa kichwa. Siku tatu zilizobaki tulizungumza habari za mvua. Kwenye uwanja wa ndege alinikumbatia kwa mkono mmoja.

Nilirudi Toronto, na simu za Jumapili zikakoma. Wiki ya kwanza nilisema ana kazi. Kufika Krismasi niliacha kusema chochote. Sikuweza kukaa ndani. Nilitembea kwenye ukumbi mrefu wa ghorofa yetu, kutoka lifti hadi ngazi, mpaka jirani akafungua mlango na kuniuliza kama nimepoteza ufunguo. Nikahamia nje. Kila asubuhi nilitoka hadi mahali alipoanguka, kwenye mdomo wa maegesho ya jengo letu, nikatembea hadi kituo cha basi, nikirudi nikihesabu. Ni hatua arobaini. Siku nyingine arobaini na mbili, baridi ikiwa kali na hatua zikiwa fupi. Nilitaka sana ziwe mia.

Kwenye mwezi wa tatu alipiga. "Shikamoo Baba," basi, na habari za mumewe, na bustani. Sikuuliza. Akapiga tena. Mwezi huu wa kumi amekuja, siku nne tu, na sanduku dogo. Asubuhi ya pili alivaa koti kabla sijamaliza chai.

"Nipeleke pale."

Tulishuka. Ilikuwa saa moja na nusu, watu wakienda kazini, majani mekundu yamelowa njiani. Nilimwonyesha. Alisimama mahali penyewe, akaangalia chini kana kwamba kutakuwa na alama.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Pale kituoni."

"Nenda."

"Mama..."

"Nenda, Baba. Tembea kama siku ile."

Nilitembea. Ni kitu kigumu kutembea ukiwa unajua unatazamwa kisogo. Ndege ilipita juu, kubwa, matairi nje, ikiingia uwanjani. Nikafikiri, afadhali, acha ipige kelele. Nilikuwa nimefika kwenye nguzo ya kituo.

"Wewe bwana, ningoje!"

Kwa Kiswahili, na kwa sauti ya mama yake, ile ile ya sebuleni walipokuwa wakituigiza. Hakupaza sana. Ilipenya ndege, ilipenya magari, ikanifikia nzima, kila herufi.

Niligeuka. Basi lilikuwa limesimama mbele yangu, dereva amefungua mlango ananisubiri. Nilimtikisia kichwa. Nikarudi zile hatua arobaini, na kwa mara ya kwanza sikuzihesabu.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia."

"Na siku ile?"

"Nilisikia. Nilimpungia mkono aje. Nilidhani ananichelewesha."

"Mkono upi?"

Sikutegemea swali hilo. "Wa kulia. Wa kushoto ulikuwa na mfuko wa chakula."

Aliutazama mkono wangu wa kulia, umening'inia tu pale, na mimi sikujua niuweke wapi. Alivuta pumzi, akaitoa polepole.

"Basi mimi nimemaliza," alisema. "Nimechoka kuamka kila siku nikijaribu kuwahi kumpeleka."

Hakusema amenisamehe, nami sikuomba. Tukaanza kurudi. Njia pale ni pana, inatosha watu wawili na kigari cha mtoto, lakini nilikaa nyuma. Niliona ndiyo heshima iliyobaki. Nilikuwa nafuata visigino vyake kwa uangalifu, hatua kwa hatua, alipojigeuza.

"Baba, usinifuate kama askari. Tembea hapa."

Nikasogea.