Pumzi ya Zamani Kwenye Skrini

Ofisini wanamwita Msumbufu. Mimi ni mume wake, na kuna siku naafikiana nao. Kazi yake ni kuandika programu ya mashine inayohesabu pumzi za watoto njiti, na wiki ile mashine ya kwanza ilikuwa iende wodi alimolazwa binti yetu. Huko muuguzi mmoja alikuwa akihesabu pumzi za watoto wote kwa macho.

Kilichoichelewesha mashine hiyo ni programu nyingine, mkaguzi wa kumbukumbu ya kompyuta. Huyo hupiga kelele, yaani hutoa onyo, kila mashine inaposoma sehemu ya kumbukumbu ambayo hakumwona mtu akiiandika. Kelele zake nyingi ni za uongo. Msumbufu alinieleza tukiwa tumekaa nje ya wodi, macho yakimlegea, sauti kama ya mtu aotaye. Mkaguzi ni mlinzi wa mlango wa mbele, lakini kihisi, kile kifaa kinachobandikwa kifuani mwa mtoto, huingiza pumzi kwa mlango wa nyuma. Mlinzi anakuta chumba kina mtu ambaye hakumwona akiingia, anapiga yowe.

"Basi mnyamazishe," nikasema.

Mkuu wake alitaka hivyo hivyo: azime kelele za programu nzima, mashine ipakiwe garini iende wodini. Msumbufu akang'ang'ania kuzinyamazisha moja moja, pale tu alipothibitisha kwamba kihisi kimepita kweli mlango wa nyuma. Roho ikanichemka. Nikamfuata ofisini kumwambia anachezea maisha ya mtoto wetu.

Nilimkuta na mkuu wake mbele ya mwanasesere wa majaribio aliyebandikwa kihisi kifuani. Jua la alasiri lilikuwa limelala mezani, na kwenye skrini mstari wa kijani ulipanda na kushuka taratibu, taratibu, hata hasira zangu zikaanza kusinzia. Imebaki kelele moja, Msumbufu akasema. Kisha akachomoa waya wa kihisi kifuani mwa mwanasesere.

Mstari ukaendelea kupanda na kushuka.

"Kelele hii ni ya kweli, chumbani humu hakuna aliyeingia," akasema. "Mashine inasoma pumzi ya zamani."

Mkuu akavuta kiti akaketi. Mimi nilishikwa na hofu ambayo sikuwa nimewahi kuijua.

Mashine haikupakiwa. Tulirudi wodini, nikanawa mikono, nikapitisha kiganja kwenye tundu la kitanda cha joto na kukiweka kifuani mwa binti yetu. Pumzi ilikawia. Tukangoja, Msumbufu amenishika bega, mpaka ikaja.