Nafasi ya Mtu Mmoja

Leo nimeshusha kutoka kwenye lori majani mabichi ya ng'ombe mnadani Katesh, na harufu yake imenirudisha kwenye Krismasi moja ya utoto wangu.

Mwalimu wetu wa kanisani alituuliza amani ni nini. Tukajibu kwa kelele, "Kutopigana!"

"Hata ng'ombe waliofungwa hawapigani," alisema, tukacheka. "Sisi ndio tuliomkosea Mungu, lakini yeye ndiye aliyetufuata, tena akiwa mtoto mchanga. Hiyo ndiyo amani."

Baba mkubwa alikuwa amesogeza mpaka wa shamba letu, na baba hakumsalimu tena. Basi nikang'oa majani mabichi, ambayo kwetu ni ishara ya kuomba amani, nikampelekea baba mkubwa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Baba yako ndiye amekutuma?"

Nikadanganya. "Ndiyo."

Akayapokea kwa mikono miwili. "Mwambie Krismasi tutakaa benchi moja."

Sikumwambia baba. Niliogopa fimbo.

Siku ya Krismasi baba mkubwa aliwahi kanisani. Alisogea ukutani akaacha nafasi ya mtu mmoja, na kila aliyetaka kukaa alimwambia, "Hapa pana mwenyewe." Baba akaingia, akampita, akaketi nyuma kabisa. Baba mkubwa hakugeuka. Alibaki akiitazama ile nafasi mpaka ibada ikaisha.

Wote wawili walikufa bila kusalimiana tena.

Nimepita miji mingi tangu hapo, na kila Krismasi huingia kanisa lolote lililo karibu kusikia habari za amani. Huwa nasikiliza nikiwa nimesimama, hata kwenye benchi pakiwa na nafasi ya mtu mmoja.