Kilio Ambacho Fundi Hakukisikia

Kama kuna mtu anayefaa kuandika habari za Fundi, ni mimi mjomba wake. Cherehani yake ya kwanza niliibeba begani kutoka stendi mpaka kwake, peke yangu, bila kupumzika. Haya, nilipumzika mara mbili. Shule nilifika darasa la sita. La saba tulishindwana tabia. Ukikuta koma mahali si pake, ihamishe mwenyewe.

Fundi ni binti wa dada yangu. Jina lake analo, ila mtaa mzima umeshalisahau. Kazi yake anaifanyia chumba cha mbele kinachotazama barabara, cherehani ya kukanyaga ameiweka mlangoni ili apate mwanga. Ukutani ni misumari, kwenye misumari ni nguo za watu, kila moja na kikaratasi chake. Yeye mwenyewe tepu shingoni, pini mdomoni. Ukimkuta na pini mdomoni usimchekeshe. Nilimchekesha siku moja, nikafukuzwa mpaka Ijumaa.

Ana mtoto mmoja wa miaka minne, tunamwita Kifungo kwa sababu ya udogo na mviringo. Kifungo alizaliwa kwa upasuaji wa dharura. Mama yake alishikwa na uchungu siku mbili nzima, halafu mapigo ya moyo ya mtoto yakaanza kushuka. Wakamkimbiza thieta, wakamlaza usingizi wa kutojijua kabisa. Alipofumbua macho jua lilikuwa linazama, na mtoto ameshafutwa, ameshapimwa, ameshavishwa kofia, ameshapakatwa na watu watano. Yeye akawa wa sita.

"Mama mzazi, foleni yako ya sita," nilimtania. Hakucheka. Nikadhani ni maumivu ya mshono.

Aliyempokea Kifungo mlangoni pa thieta ni mimi. Mkwe wangu, mume wa Fundi, mwoka mikate mwenye maneno machache kuliko mkate wenyewe, alikuwa ameitwa maabara kutoa damu. Basi bahati ikaniangukia mimi, na tangu siku hiyo sikunyamaza. Kwa kinyozi nilisimulia. Harusini nilisimulia. Msibani nilisimulia, wafiwa wakasahau kidogo. "Katika ukoo huu," nasema, "hakuna aliyemsikia yule mtoto kabla yangu. Alilia mara tatu! Kama tarumbeta! Ya tatu muuguzi akaziba masikio."

Kila nikisimulia mbele ya Fundi, mguu wake unaacha kukanyaga.

"Mjomba, alianzaje? Alianza taratibu au kwa nguvu?"

"Kwa nguvu, mama! Mtoto wa ukoo wetu ataanzaje taratibu?"

"Halafu akanyamaza?"

"Akavuta pumzi. Akaanza upya."

Anatikisa kichwa, anarudi kwenye kazi yake. Baada ya siku mbili tatu ataniuliza tena, kama mtu mwenye kiu anayeomba maji hayo hayo.

Yupo jirani yetu mmoja, muuza mkaa, mdomo wake hauna mlango. Siku moja kaja kuchukua gauni, kamwambia, "Wewe hukuzaa bwana. Ulifunguliwa zipu tu, mtoto akatolewa."

Fundi akatoa pini mdomoni, moja moja. "Wewe jino lako la mbele uliling'oa mwenyewe?"

"Niling'olewa hospitali."

"Basi pengo si lako. Lirudishe."

Tulicheka mpaka wateja wa duka la pili wakachungulia. Lakini yule alipoondoka niliona Fundi ameshika mkasi, hakati kitu.

Mimba ya pili ilipofika miezi saba, daktari wake, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kengele, akasema safari hii hawatangoja uchungu. Upasuaji wa kupanga: mimba ikitimiza miezi tisa, Jumanne, saa tatu asubuhi. Nilicheka sana. Mtoto hajazaliwa na ana miadi kama mkurugenzi! Niliwasindikiza kliniki siku hiyo, maana mkwe wangu akiwa peke yake hawezi kuuliza hata choo kiko wapi. Fundi akauliza kwanza maswali ya kikazi.

"Daktari, mtafungua pale pale penye pindo la zamani?"

"Pale pale."

"Na nyuzi mnashonea zipi?"

"Nzuri. Usinifundishe kazi."

Halafu akauliza swali lake lenyewe. Najua lilikuwa lenyewe kwa sababu alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Nitakuwa macho?"

"Utakuwa macho. Tunakuchoma sindano ya mgongo, ganzi inakushika kuanzia kifuani kushuka chini. Masikio hayamo."

"Nitamsikia?"

"Mpaka umchoke. Ila nisikufiche, mara chache ganzi inakataa. Ikikataa tutakulaza usingizi, kama mara ya kwanza."

Njia nzima alikuwa anajipapasa mgongo. Mkwe wangu hakusema neno, lakini hiyo ndiyo kawaida yake.

Jumamosi kabla ya upasuaji nilimpitia. Alikuwa anamalizia sare za shule, anataka misumari yote iwe mitupu kabla ya Jumanne. Akasema bila kuinua kichwa, "Mjomba, naiogopa ile sindano. Si maumivu. Naogopa ikatae. Hebu nisimulie tena Kifungo alivyolia, nipate moyo."

Nikakohoa, nikaanza. "Alilia mara tatu—"

"Mwaka jana ulisema mbili."

"Mbili kubwa na moja ndogo."

"Na kwenye harusi ulisema nne." Akaniangalia vile anavyomwangalia mteja anayedai hajanenepa. "Mjomba. Mimi napima watu kila siku. Niambie kipimo halisi."

Jamani, mimi nimesema uongo kwa askari, kwa walimu, kwa mke wangu mara nyingi tu, na ulimi haukuwahi kunisaliti. Siku ile ulikauka. Nikamwambia ukweli. Kwamba siku ile nilisinzia kwenye benchi la nje, kofia usoni, na muuguzi alinigusa bega kuniamsha. Kwamba Kifungo nilikabidhiwa amefungwa shuka, amelala fofofo. Sikusikia kitu. Tarumbeta niliitunga mwenyewe, na kila mwaka nikaiongezea upepo.

Hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Alikaa na ile sare mapajani, kola yake haijashonwa.

"Kwa hiyo hakuna mtu wetu aliyemsikia."

"Wauguzi walimsikia, mama."

"Wauguzi wanasikia wangapi kwa siku? Atakumbuka nani?"

Akakanyaga cherehani, akamaliza kola. Mimi nikaondoka bila kuaga, jambo ambalo kwangu halijawahi kutokea.

Jumanne tulifika mapema. Hajala, hajanywa, kama alivyoagizwa. Yaliyotokea ndani alinisimulia yeye mwenyewe, na safari hii sitaongeza chumvi hata punje.

Thieta kulikuwa na baridi, na meza nyembamba kuliko benchi la kanisani. Mtaalamu wa ganzi, kijana mwenye miwani, akamwambia ajikunje kama paka aliyenyeshewa. Sindano ya kwanza haikufika. Ya pili haikufika. Yule kijana akavuta pumzi, akasema, "Mama, nitajaribu mara moja tu tena. Ikishindikana tutakulaza."

Fundi akamwambia, "Mwanangu, tundu la sindano likikukataa, usilazimishe uzi. Pumzika mkono kwanza. Mimi nasubiri."

Kijana akacheka. Akashusha mkono, akaukunjua. Ya tatu ikaingia. Miguu ikapata moto, kisha ikawa mizito, kisha ikawa si yake. Wakamwekea pazia la kijani kifuani asione chini, na yeye akaona pindo la lile pazia limeshonwa kombokombo. Anasema alilikazia macho lile pindo kwa sababu masikio yalikuwa yanamuuma kwa kusikiliza.

Akahisi kuvutwavutwa, kama mtu anatafuta ufunguo ndani ya mkoba. Halafu kila mtu akanyamaza.

Akangoja.

Nje kwenye korido mimi na mkwe wangu tulikuwa tumesimama. Nilikataa benchi. Kuta za pale ni nene; hatukusikia kitu mpaka muuguzi alipofungua mlango na kusema ni msichana, wazima wote wawili, mtoto yuko kifuani kwa mama yake. Mkwe wangu akakaa chini sakafuni, akalia bila sauti, kimya vile vile anavyooka mikate.

Saa za kuona wagonjwa zilipofika niliingia wodini. Fundi amelala chali, mtoto kwapani.

"Enhe," nikasema, "ulimsikia?"

"Nilimsikia. Si tarumbeta, Mjomba. Alikohoa kwanza, kama anataka ruhusa. Halafu sauti ikapasuka, kama kitambaa kipya ukikichana kwa mkono."

Alitabasamu. Kisha machozi yakaanza kumtoka, yanashuka mpaka masikioni.

"Mshono?" nikauliza.

"Hapana. Nilidhani nikimsikia huyu, itanitosha. Kumbe sasa ndiyo nimejua kwa yule nilikosa nini."

Nikavua kofia, nikamfuta sikio la karibu.

Hapo hapo mkwe wangu akaingia na Kifungo mkononi. Mtoto kumwona mama yake, akachomoka mbio, akataka kuupanda ule ukingo wa chuma wa kitanda. Muuguzi akamdaka kiuno. "Hapandi mtu hapa! Mama ana kidonda."

Kifungo akaangalia kitanda, akaangalia kile kifurushi kilichochukua nafasi yake, akafungua kinywa. Alilia, ndugu msomaji. Kile kilio kilizunguka wodi nzima, wagonjwa wakageuka, vichanga vikaitikia. Baba yake akambembeleza. Mimi nikapekua mifuko kutafuta pipi. Muuguzi akaweka kidole mdomoni, "Shii, shii, nyamaza!"

"Mwacheni," Fundi akasema.

"Mama, anasumbua wenzako."

"Kidogo tu, dada. Mwacheni alie." Akanyoosha mkono wake usio na mtoto, akaufikisha kwenye kichwa cha Kifungo, akafumba macho.