Jina la Mama Mkwe Chini ya Bahari

Mama mkwe wangu ameiona bahari mara moja tu, akiwa ndani ya basi la kanisa, na alichosema ni kwamba ni maji mengi mno yasiyofaa hata kupikia chai. Kwa hivyo sikutarajia kwamba katika watu wote, yeye ndiye angenikosesha usingizi kwa ajili ya mnyama wa baharini.

Mimi hufundisha zoolojia chuoni, hapa Nakuru. Kazi yangu ya pili, ile ninayoipenda kikweli, ni kuwachora na kuwaeleza wanyama wadogo wa baharini ambao bado hawajulikani. Najua, Nakuru haina bahari. Tuna ziwa ambalo halitaki tena kukaa ndani ya mipaka yake, tuna vumbi, tuna malori. Lakini wanyama wangu wakinifikia hawaihitaji bahari tena. Wamekufa, wamo kwenye vichupa vya spiriti, wametumwa na mwenzangu wa ng'ambo ambaye hupanda meli za utafiti. Meli hushusha chombo hadi chini kabisa ya Bahari Hindi, hukwangua matope, na ndani ya matope hayo ndimo tunamowachagua mmoja mmoja. Jirani yangu aliniuliza kama wanaweza kukaangwa. Nilimwambia angehitaji maelfu ili ajaze kijiko kimoja, akapoteza hamu.

Mmoja wao alinishika akili. Ni wa ukoo wa mbali wa kamba na kaa, lakini ukubwa wake ni wa chawa aliyeshiba. Rangi hana, macho hana. Miguu yake ya nyuma ilikuwa na miiba ambayo sikuwahi kuiona kwa ndugu zake. Nililinganisha na kila mchoro wa jamaa zake niliofanikiwa kuupata, nikazidi kuamini kwamba huyu hakuwa amewahi kuelezwa na mtu.

Jumapili moja tulikuwa Rongai nyumbani kwa mama mkwe, tunakula mukimo, nikasema bila kufikiria, "Naona nimepata mnyama mpya. Sasa imebaki kumtafutia jina."

Mume wangu aliinamia sahani yake kana kwamba ameona nywele kwenye chakula. Hapo ndipo nilipong'amua nilichosema, na maneno yalikuwa yameshatoka. Kwetu Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Halijadiliwi, halipigiwi kura. Na mume wangu ni mtoto wa pekee. Tumeoana miaka mingi, tumezunguka hospitali mpaka wauguzi wakatuzoea, na mtoto hatujapata. Mama mkwe hakuwahi kuniuliza hata siku moja. Wengine waliuliza kwa niaba yake bila kutumwa. Yeye hakuuliza, na kwa sababu hiyo nilimpenda na kumwogopa kwa pamoja.

Aliweka kijiko chini. "Kutafuta jina ya nini, mwalimu? Jina si iko?"

Mume wangu ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Nikacheka na mimi. Nilidhani anatania, na kweli alikuwa anatania, lakini nusu tu. Ile nusu nyingine ilienda naye kanisani.

Kabla ya wiki kwisha, kina mama wote wa kikundi chake walikuwa wanajua kwamba mwenzao amepata wajina baharini. Na kadiri habari ilivyosafiri, mnyama alizidi kunenepa. Alipofika sokoni alikuwa kamba wa hoteli ya kitalii, mwenye makucha, anayeliwa na wazungu kwa limau.

Nilikasirika, na mimi nikikasirika huwa naosha vyombo kwa kelele. Mtoto haitwi jina akiwa tumboni, na mnyama hana jina kabla maelezo yake hayajachapishwa. Mpaka siku hiyo ni maneno ya mezani tu. Isitoshe, huenda hakuwa mpya. Huenda mtu fulani, marehemu sasa, alishamchora vibaya zamani na kumpa jina, na katika kazi yetu jina la kwanza ndilo linaloshinda. Hata hivyo nilimwandikia mwenzangu wa ng'ambo kuhusu jina tulilopendekeza. Akauliza kwa upole kama huyo mama alikuwa kwenye meli. Nikamjibu kwamba alikuwa kwenye basi.

Lakini nilianza kuchora. Kuchora kwetu si mchezo. Tunaishi karibu na barabara kuu ya kwenda Eldoret, na lori la mahindi likipita, mnyama hucheza chini ya hadubini kana kwamba amefufuka. Unangoja atulie, unachora nywele mbili za mguu, linakuja jingine. Umeme nao unapikwa kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria, si mbali na hapa, lakini nyumbani kwetu hufika ukijisikia.

Kisha mama mkwe akaja kukagua. Alikuja na kitambaa cha kichwa cha Jumapili na viatu vya harusi, kwa sababu hukutani na wajina wako ukiwa na nguo za shamba.

"Siwezi peana jina yangu kwa kitu sijaona," alisema kabla hata ya kuketi.

Nikamsogezea hadubini. Aliinama, akashtuka. "Ako na miguu mingi!"

"Hizo ni kope zako, Mum. Sogea nyuma kidogo."

Alisogea. Kisha akainua kichwa na kunitazama kama mtu aliyeuziwa gari bovu.

"Hii ni chawa."

"Si chawa. Ni jamaa ya kamba."

"Mwalimu, mtoto wangu alisoma boarding. Chawa naijua." Akarudi kuangalia. "Macho iko wapi?"

"Hana. Kule chini ni giza tupu, macho ni ya nini?"

"Na anakula nini?"

"Mabaki. Vile vitu vinaanguka kutoka juu."

"Mabaki!" Alijishika kiuno. "Yaani mimi, na jina yangu yote, niko huko chini kwa giza, bila macho, nikikula mabaki ya wenyewe?"

Mume wangu alikimbilia jikoni kucheka, tukasikia mfuniko wa sufuria ukianguka. Niliona jina likituponyoka pale pale, na nashangaa jinsi nilivyoumia, mimi niliyekuwa nimekasirika kwamba limetangazwa.

"Angalia chini ya kifua," nilimwambia. "Unaona kama mfuko?"

Alifumba jicho moja. "Kuna vitu round round."

"Ni mayai. Jike wa hawa haachi mayai kwa maji. Anayabeba hapo mpaka watoto waweze kujitembeza."

Lori lilipita. Alingoja lipite, bila kuondoa jicho, kama fundi wa siku nyingi.

"Kwa hivyo huyu ni mama."

"Ni mama."

Alikaa hapo mpaka chai yake ikaota utando. Mimi nilisimama nyuma yake sijui niweke wapi mikono. Mwishowe akanyooka, akarekebisha kitambaa.

"Achukue jina. Lakini nimesikia nyinyi hukatakata hawa wanyama. Huyo usimkate."

Alikuwa amesikia sawa. Ili kumweleza mnyama, unamfungua kwa sindano, unatoa miguu na sehemu za mdomo, unachora kila kipande. Nilikuwa na madume na vipande vya wengine, lakini jike mzima alikuwa huyo peke yake. Nikaahidi. Nilimpasua dume, jike nikamchora kwa nje tu, nikajiambia inatosha.

Haikutosha. Maandishi yalienda kwa jarida, yakarudi na maoni ya wakaguzi. Mmoja aliandika kwa adabu ile inayouma kuliko tusi. Kuna spishi ya zamani, alisema, inayofanana sana na hii, na kinachozitenganisha ni jino lililo kwenye taya. Dume akikomaa mdomo wake hunywea, hauonyeshi kitu. Taya la jike liko wapi? Bila hilo hangeweza kukubali kwamba mnyama huyu ni mpya. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Niliosha vyombo vyote, hata vile visafi.

Nikaenda Rongai. Nilimkuta mama mkwe uani ameanika mahindi juu ya turubai, anatembea ndani yake akiburuta miguu ili punje zigeuke. Nilimweleza nikiwa nimesimama pembeni. Nisipomkata, hakuna jina. Nikimkata, nikute jino ni lile lile la spishi ya zamani, basi pia hakuna jina, na nitakuwa nimemharibu bure.

"Mayai utafanyia nini?" aliuliza, bado anatembea.

"Sitayagusa. Nitatoa taya ya upande mmoja tu."

"Mimi nilipasuliwa kutoa huyo bwana yako. Kichwa kubwa hivi. Na niko hapa, nageuza mahindi."

"Na ikikosa, Mum? Si umeambia kila mtu?"

"Wacha hao. Hao nitawaambia kitu ingine."

"Naogopa." Nikaona aibu, nikaendelea tu. "Sina jina lingine la kukupa. Ni hili tu."

Miguu yake ilisimama. Hatukuwa tumewahi kulisema jambo hilo, si kwa mzaha, si kwa machozi. Alitazama mahindi, si mimi.

"Ikikosa, tutakuwa tumekosa," alisema. "Si mara ya kwanza, na bado tunakula meza moja. Enda ukate. Mkono yako haitetemeki?"

"Lori ikipita."

"Basi ngoja ipite."

Nilimkata asubuhi, mume wangu akiwa amefukuzwa nyumbani pamoja na redio yake. Unahitaji sindano mbili nyembamba, tone la gliserini, na pumzi uliyoibana. Taya lilitoka zima, dogo kuliko nukta ya ukurasa huu, na mayai yakabaki mahali pake, hakuna hata moja lililosogea. Nililiweka kwenye kioo, nikabadilisha lenzi, nikaogopa kuangalia, nikaangalia.

Jino la spishi ya zamani ni laini ukingoni. Hili lilikuwa na meno madogo madogo juu yake, kama msumeno wa kukatia mabati. Nilipiga ukelele. Mume wangu, ambaye kumbe hakuwa ameenda mbali, aliingia mbio akidhani nimejikata kidole. Nilimpita na simu sikioni.

"Mum! Jino si la yule!"

"Ni ya nani?"

"Ni yako!"

"Nilikuambia," alisema, ingawa hakuwa ameniambia.

Makala yakachapishwa. Katika sehemu inayoeleza chanzo cha jina niliandika sentensi moja, kwamba ameitwa kwa heshima ya mama ya mume wa mwandishi, kufuatana na desturi ya kwao. Mwenzangu wa ng'ambo hakuuliza tena. Mnyama mwenyewe alienda kuhifadhiwa kwenye jumba la makumbusho pamoja na mayai yake. Mimi nilibaki na mchoro, nikauchapisha kwa karatasi kubwa na kuubandika sebuleni.

Jumamosi iliyofuata gari lilisimama nje. Kina mama wa kanisa walishuka na mitungi ya uji, mikungu ya ndizi, viazi na leso mpya, vile vile kama watu wanaoenda kumwona mtoto mchanga. Sikuwa nimeambiwa. Walijipanga mbele ya mchoro. Mmoja aliuliza kichwa ni upande gani. Mwingine alisema miguu ni ya nyanyake kabisa, wengine wakaunga mkono. Mama mkwe alisimama kando ya ukuta na mwiko wa uji mkononi, akiwaonyesha jino la msumeno, akawaambia limewashinda wataalamu.

"Na macho?" mtu akauliza.

"Ya nini? Kwani huko kuna nini ya kuona?"

Mimi nilikuwa jikoni. Ndipo ninapokaa siku kama hizo. Nimeenda kuwaona watoto wa watu wengi, na kila mara huwa najitafutia kazi kwenye sinki, kwa sababu sebuleni wanawake huulizana wamejifungua vipi, na mimi sina la kusema. Hata siku hiyo, nyumbani kwangu, mikono ilinipeleka kwenye vikombe yenyewe. Niliwasikia wakicheka, nikafurahi kwa ajili yake, nikafungua maji.

"Mama!" mama mkwe aliita kutoka sebuleni, kisha akamalizia kwa jina lake mwenyewe, lote, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya shamba.

Nilifunga maji. Katika nyumba ile hapakuwa na mtu aliyewahi kuitwa hivyo. Nilitazama mlangoni. Kina mama walikuwa wameshasogeana kwenye kochi na kuacha nafasi katikati, na mmoja alikuwa ananikunjulia leso.

"Mama!" Akarudia jina. "Unaoshea nani vikombe? Mwenye mtoto hukaa chini analetewa uji."

Nikaitika.