Mlima wa Kuazima

Ilikuwa mwaka 2022. Hapana, 2022 mzee Zephania alikuwa bado kwao Gonja, Upare, akifukuzia viza na kuchimba tangawizi zake. Basi ilikuwa 2023, mwezi wa pili, maana theluji ilikuwa imefika magotini na mzee alivaa makoti mawili kwa mpigo, akitembea kama gunia lililoamua kujitegemea.

Mwanawe Tomasi, mtu wa kompyuta, ndiye aliyemleta ng'ambo, mtaa wa Flemingdon Park, ghorofa ya kumi na nne, akae miezi sita amfahamu mjukuu. Mjukuu ni Elinaza, miaka tisa, darasa la nne. Kiswahili anakielewa chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Babu naye alijifunza Kiingereza cha kusikia tu. Wakaongea hivyo miezi yote, kila mmoja na lugha yake, na hawakuwahi kugongana.

Kila Ijumaa mwalimu aliwatumia wazazi ukurasa mmoja kwa barua pepe: wiki hii tumejifunza nini. Tomasi hakuusoma hata siku moja. Alikuwa na mikutano. Mkewe Anastasia ni muuguzi, na alikuwa zamu juu ya zamu. Basi Elinaza akawa anamsomea babu yake. Mzee aliyeishia darasa la nne akajikuta analirudia uzeeni: namna ya kukata piza vipande vinane vilivyo sawa, takataka ipi iingie pipa lipi (hilo lilichukua wiki mbili nzima), na kwa nini maji huganda. Hilo la mwisho alisema angewafundisha yeye mwenyewe, kwa vidole vyake.

Kisha ikaja wiki ya Wamaori, watu wa New Zealand. Mwalimu aliandika kwamba Mmaori akijitambulisha kwa desturi yao, hakurupuki na jina lake. Anataja kwanza mlima wake, kisha mto wake, chombo kilichowaleta wazee wake, watu wake, ndipo mwishoni aseme yeye ni nani. Utambulisho huo huitwa pepeha. Ijumaa inayofuata kila mtoto angesimama atoe wa kwake, na wazee wamekaribishwa.

Mzee Zephania alimwambia arudie kusoma.

"Hawa ni watu," akasema. "Siyo hapa. Jumapili kanisani nimesalimiwa na vijana wanane, wote wamenitajia kazi zao, na wawili wakasahau kunitajia majina."

Tomasi aliifanya kazi ile ya mtoto kwa dakika tatu, simu sikioni. Mlima: Kilimanjaro. Mto: Nile. Chombo: ndege. Akaweka na picha, theluji juu, tembo chini.

"Tomasi," mzee akasema, "mlima wetu ni Shengena."

"Baba, nani hapa anaijua Shengena?"

"Si ndiyo maana anaitaja? Kama wanamjua tayari, anajitambulisha nini?"

"Divin wa darasani kwao ana volkano ya Kongo, inatoa moshi. Mtoto wangu asimame na kilima?"

"Kilima! Umezaliwa mgongoni mwake, leo ni kilima. Na Kilimanjaro, mlima wa Wachaga, je, umewaomba? Wakinishtaki kwa wizi wa mlima, mimi Mpare nitaikimbia kesi?"

"Baba, hii ni kazi ya shule, siyo kesi ya ardhi."

"Kesi zote ni za ardhi. Na Nile tumeinywea wapi?"

Tomasi alisema ana mkutano. Elinaza alikuwa kazama kwenye katuni, au ndivyo walivyodhani. Tomasi alipofunga mlango, mtoto akauliza kwa Kiingereza, "Babu, yetu ni ipi hasa?"

Wiki nzima, asubuhi kwenye lifti na kwenye njia ya shule, wakawa wanakariri. Mlima, Shengena. Mto, Hingilili. Chombo hakuna, wazee walipanda kwa miguu yao, na mzee alisisitiza hilo litamkwe kwa majivuno. Mama mmoja aliyepanda nao lifti alidhani wanasali, akawa anainamisha kichwa mpaka chini.

Babu hakulala vizuri Alhamisi. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya mwezi wa nane, na umri wake hauahidi safari nyingine. Alitaka kulisikia jina lile mara moja tu, kutoka kinywa cha mtoto wa mwanawe.

Ijumaa baba na babu wakakaa nyuma ya darasa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Divin akatoa volkano yake na mlio juu. Tazmin akataja mlima wa Pakistani alikozaliwa nyanya yake, nyanya mwenyewe akatoa kitambaa. Ikafika zamu ya Elinaza. Akasimama, akamtazama baba yake, akamtazama babu yake, akaiweka karatasi mezani kifudifudi.

"Mlima wangu ni Shengena," akasema, kwa Kiswahili, kinywa hichohicho kilichogoma miaka tisa. "Mto wangu ni Hingilili. Wazee wangu walipanda kwa miguu yao. Watu wangu ni Wapare. Mimi ni Elinaza."

Mzee alibana midomo isimwaibishe. Ila picha aliyotuma Tomasi ilikuwa tayari imewashwa ukutani, nyuma ya mtoto: theluji na tembo.

Mwalimu, binti mpole, akapiga makofi. "Ajabu! Kumbe nyumbani kwenu Kilimanjaro mnaiita Shengena!"

Mzee alielewa. Akamgeukia mwanawe anayekijua Kiingereza kuliko Waingereza, akangoja. Elinaza naye alikuwa anamtazama baba yake. Tomasi akatabasamu, akaitikia kwa kichwa: ndiyo.

Jioni ukurasa ukaja. Wiki hii tumejifunza kwamba jina la asili la mlima Kilimanjaro ni Shengena. Asante, Elinaza!

Mtoto akasoma. Kisha akauliza, "Babu, nilikosea?"

"Hukukosea hata neno," mzee akasema. "Tomasi, mwandikie mwalimu, sasa hivi."

"Baba, nani atajua? Wiki ijayo wanasoma pengwini."

"Nitajua mimi. Atajua huyu."

"Nitaandika Jumatatu." Akachukua simu.

Jumatatu ilipita, na nyingine nyingi. Siku ya uwanja wa ndege, wakiwa wamesimama watatu na begi lake, mzee alimuuliza mwanawe: "Tomasi, siku nikifa, watu wa hapa wakimuuliza mtoto huyu babu yake amelala chini ya mlima gani, utakaa pembeni unatabasamu tena?"