Aliyeingia Bila Kusalimu

Watu wa nje walikuwa wakitucheka kwa sababu ya salamu. Tulikuwa na ukumbi wetu mtandaoni, ukumbi usio na matofali wala bati, ambamo kila mtu aliingia akiwa na sanamu yake ya rangi, na kila Jumamosi mchana waandishi wa programu wa Lubumbashi na wa Goma walikutana humo kufundishana kazi. Ukiingia, ulipaswa kuzunguka na kumpa mkono kila aliyekuwepo, mmoja mmoja, kabla hujafungua mdomo. Mgeni mmoja wa Nairobi, tuliyemwalika atoe somo, alitungoja tumalize mpaka akauliza kama somo lenyewe ndilo lile.

Sikuona aibu. Nimelelewa katika nyumba ya mtu wa reli, na kwetu anayepita mbele ya watu bila kuwapa mkono ana jambo moyoni. Rafiki yangu wa Goma, aliyeujenga ukumbi ule pamoja nami, ndiye aliyeandika programu ya kupeana mikono: ukigusa sanamu ya mwenzako, mikono inakutana na simu inatetemeka kidogo. Hatukuwahi kuonana ana kwa ana. Kutoka Lubumbashi hadi Goma barabara ni jina tu, na tiketi ya ndege ni ya wakubwa. Lakini nilikijua kikohozi chake, nilijua kwamba huchelewa kila mara, na kwamba akiingia ataanza na mimi, kwa neno letu la kumwita mkubwa: "Yaya, ungali na hasira?" Kwa kawaida nilikuwa nayo.

Kisha vita ikafika Goma. Kwetu malori ya madini yaliendelea kupita kana kwamba hakuna kitu, na hilo lilinikera kuliko yote. Ofisi yangu iko juu ya depo, ghala la bidhaa, ya mfanyabiashara wa Butembo, mji wa Kivu kama Goma, na siku zile depo yake iligeuka kituo cha habari. Watu wa Kivu walisimama kati ya magunia ya sukari, kila mmoja na simu sikioni, na hakuna simu iliyopita. Mji umeanguka, walisema. Benki zimefungwa, uwanja wa ndege umefungwa. Rafiki yangu hakupatikana siku zote hizo.

Nilitaka kuufunga ukumbi. Nani atakuja kusoma programu wakati risasi zinalia? Mwenzangu niliyekuwa nikiusimamia naye, anayefundisha kompyuta kule Kasapa, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, alikataa katakata kwa Kiswahili chetu cha Kongo.

"Yaya, simu hazipite, mais internet inapita kidogo-kidogo. Kama banatafuta nafasi ya kuonana, batakuja wapi kama haiko kwetu?"

Alisema kweli, na nilichukia kwamba ni yeye aliyeliona hilo kwanza. Jumamosi ile nikaufungua bila somo lolote. Umeme wa mji ulikuwa umekatika tena. Nilikaa mbele ya kompyuta nikitumia betri, nikiomba Mungu isiniangushe.

Wa Goma walikuja watano, wakizungumza kwa sauti za chini. Kila mmoja alizunguka, akatoa mkono, akasimama. Walikuwa wamejificha, kila mtu mahali pake, kwa sababu kulikuwa na uvumi kwamba wanaojua mambo ya kompyuta wanatafutwa nyumba kwa nyumba. Sikuweza kujua kama ni kweli. Mmoja wao alihitaji mtu wa kumpelekea dawa, akaanza kutueleza alikolala. Hapo hapo mlango ukafunguka na rafiki yangu akaingia.

Ile sanamu yake ndefu yenye koti la kijani! Nilipiga kelele hata watu wa depo chini wakasikia. Kisha nikangoja mkono wake.

Hakuutoa. Alipita katikati ya watu, akamgonga mmoja, akaenda mpaka ukutani na kusimama akiutazama. Akageuka. Akatembea tena, taratibu, mbele ya wale watano walionyoosha mikono yao, asisimame hata kwa mmoja.

"C'est pas lui," mwenzangu akaniambia kwenye laini yetu sisi wawili, nje ya ukumbi. "Yaya, ule haiko yeye. Balikamata simu yake. Umutoshe!"

Rafiki yangu alikuwa msimamizi kama sisi, na msimamizi husikia kila kinachosemwa katika kila kona ya ukumbi. Kama simu yake ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, mtu huyo huenda alikuwa amedaka maneno ya mwisho ya habari ya dawa, na angesikia mengine. Kumfukuza ilikuwa kubonyeza mara moja tu. Lakini kama ni yeye, ameumia, au mtu amemsimamia kichwani, basi ningekuwa ninamfungia mlango wa mwisho aliobaki nao.

"Bote munyamaze," nikawaambia wale watano. "Mufunge mikro. Muntu asiseme nafasi kwenye iko."

Nikaipeleka sanamu yangu mpaka mbele yake, nikanyoosha mkono. Hakuna kitu. Alinitazama tu kwa uso ule ule niliouzoea, uso unaotabasamu kwa sababu ndivyo alivyouchora.

"Weye ni nani?"

Sanamu iligeuka upande, kisha ikanirudia.

"Nakuuliza! Ni nani alikupatia ile simu?"

"Utangoja mpaka babakamate bote?" mwenzangu akasema. Neno lile lilinichoma. Nikaweka kidole juu ya kitufe, na ninakiri nilitaka kubonyeza, kwa hasira tu, ili jambo liishe.

Ndipo mikro yake ikafunguka. Tulisikia mtu akipumua. Tukasikia mfuniko wa sufuria ukianguka, na kuku. Kisha sauti ya mwanamke mzee, kwa mbali, kama ya mtu asiyejua simu inashikwaje.

"Kuko bantu humu?"

Nilikitoa kidole pale kama mtu aliyeungua.

"Kuko, mama. Weye ni nani?"

"Ni mimi mama yake. Mama ya mwenye simu." Akavuta pumzi. "Munisamehe. Sijue hii kitu. Natia kidole, anatembea mwenyewe. Naona bantu bananyoosha mikono, sijue namna ya kubapatia yangu."

Nililia. Sikujificha, nililia mikro ikiwa wazi, na wale watano wakafungua zao, wote wakimwita mama kwa pamoja. Niliwatuliza, maana kulikuwa na swali moja tu.

"Na yeye, mama, iko wapi?"

Tulimsikia akikokota kiti, akaketi.

"Njo ile nilikuja kubauliza," akasema. "Alitoka kutafuta maji. Simu aliacha, sababu njiani banazinyanganya. Aliniambia, mama, kama nakawia, Jumamosi ufungue hii picha, bantu bangu biko mule, beye batajua. Basi nilingoja Jumamosi."

Sanamu ya rafiki yangu ilikuwa imesimama mbele yetu na koti lake, ikituuliza mwenyewe yuko wapi. Niliwauliza wale watano, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemwona.

"Hatujue, mama," nikasema. Sijawahi kusema neno zito kuliko hilo.

"Basi nifunge?"

"Hapana!" Nilimkaripia, mama wa watu. Kisha nikamweleza polepole. Jina moja haliwezi kuwa na watu wawili ndani ya ukumbi. Mtoto wake akipata simu nyingine, popote alipo, akaingia kwa jina lake, mashine itamtoa mama papo hapo bila kumwuliza. "Kama unaona banakufukuza, mama, usiogope. Ni yeye anaingia."

"Nikifukuzwa, ni yeye?"

"Ni yeye."

"Kweli?"

"Kweli, mama."

Masomo yamerudi. Kila Jumamosi mama huyo huingia kabla ya watu wote, husimama karibu na mlango, na sisi tunafundisha huku sauti za jiko lake zikisikika. Hakuna anayethubutu kumwambia afunge mikro. Mimi hufundisha jicho moja likiwa kwenye koti la kijani, nikitamani litoweke. Tukimaliza, huniita.

"Mwanangu, leo tena habakunifukuza?"

"Hapana, mama. Leo tena hapana."